Wewe wa Mlango wa Buluu

Malaba,
4 Julai 1966

Mama Safia,

Leo sina moyo wa kuuliza habari ya mtu mmoja mmoja. Wasalimie wanaostahili salamu, wewe unawajua.

Jana baada ya kushusha simiti stesheni niliingia kwa Emojong, yule mwenye hoteli karibu na reli, ninywe chai kabla ya kuvusha lori kwenda Tororo. Amenunua gramafoni siku hizi, kutwa anapiga santuri. Wazee wa Kiteso walikuwa wamejaa kwenye lile benchi la ukutani na wimbo unaendelea. Waliponiona wakanyamaza wote. Mmoja akavua kofia akaangalia chini. Nikasema moyoni, hawa wana nini na mimi leo? Nikakaa, nikasikiliza, na chai ikapoa mbele yangu.

Anayeimba ni Omoding, mume wa dada yako Benedetta. Sauti yake naijua hata usingizini, maana amekwisha kula ugali wangu kila siku ya soko akiwa na gitaa lake pale barazani. Na anaimba hivi, nimeyashika kichwani yote:

Wewe wa mlango wa buluu,
jina lako silitaji.
Nikikuona naacha njia,
naingia kwenye mahindi.
Chakula chako nimekula,
uso wako nimeukwepa.

Haya, tufafanue basi, mimi na wewe. Busia nzima kuna mlango mmoja tu wa buluu, na ni wa duka letu. Niliupaka kwa mkono huu. Rangi niliitoa Kampala, hakuna mtu mwingine mwenye nayo. Nyuma ya duka kuna nini? Mahindi ya Mama Nanjala. Chakula amekula cha nani? Changu. Na mwanaume asiyetaka kutaja jina la mwanamke, anayemkwepa mbele za watu, anaficha nini? Mimi si mtoto, Zulaika.

Nijibu neno moja. Wimbo huu ni wa nani?

Mumeo,
Mbarak


Busia,
9 Julai 1966

Baba Safia,

Wa alaikum salaam, ingawa salamu yenyewe hukuitoa.

Barua yako nimeisoma nikiwa nampimia mteja unga, nikacheka mpaka Maimuna akatoka nyumba ya pili kuja kuuliza kuna nini. Nikamwambia mume wangu amekuwa mwalimu wa nyimbo huko Malaba. Wewe kweli unatania au ni joto la lori? Umeoa kwetu Moding tangu mwaka wa sitini na moja, kisha unaniuliza wimbo ule ni wa nani! Hapo kwa Emojong muulize mtu yeyote. Muulize hata yule aliyevua kofia.

Omoding alitaka kuuimba wote kwa Kiteso, lakini mwenye studio Nairobi akamwambia akiimba Kiswahili santuri itauzwa mpaka Mombasa. Ndiyo maana Kiteso kimebaki pale mwisho tu. Nimenunua moja, iko hapa.

Safia jino la mbele limetoka, anataka umletee jingine kutoka Tororo. Sukari imepungua dukani. Samaki wa Osieko, kule ziwani, walifika wakiwa wazuri, nimekuwekea wakavu ndani ya gunia, nitampa Callistus akuletee na basi lake.

Kula vizuri. Wivu haushibishi tumbo, baba.

Wako,
Zulaika


Malaba,
13 Julai 1966

Zulaika,

Umecheka. Nimekuuliza jambo la nyumba yangu, umecheka na ukamwita jirani acheke pia.

Mimi nilidhani utaniambia, "Mume wangu, wallahi si mimi." Maneno hayo ni mazito kuandika? Badala yake unaniambia niulize watu. Niulize nini? Nisimame katikati ya hoteli niseme, jamani, yule anayeimbwa hapo ni mke wangu au si mke wangu? Afadhali nimeze kijiko.

Na sasa sikiliza. Ayub, mume wa Maimuna, alipita hapa juzi na mzigo wa pamba. Akanipa pole. Nikamuuliza pole ya nini. Akasema, "Mkeo kila baada ya alasiri anafunga duka nusu, anapiga ile santuri ya Omoding, na analia." Analia! Gramafoni ile nilikununulia mimi ili usione upweke. Kumbe nimekununulia kioo cha kumtazamia mwanaume mwingine.

Santuri nimeinunua na mimi, usidhani nimelala. Ubeti wa pili unasema:

Leo nimefika mlangoni,
wa kunizuia hayupo.
Mkono wangu uko kwenye mbao,
rangi bado inang'aa.

Wa kunizuia hayupo! Nani huyo wa kumzuia mtu mlangoni kwangu, kama si mimi? Na sipo kwa sababu niko hapa Malaba nameza vumbi mpate kula. Mwisho anaingiza maneno yake ya Kiteso, hayo siyajui wala sitaki kuyajua. Nadhani ndipo anaponicheka wazi wazi, maana wakifika hapo wale wazee huinamisha vichwa na mmoja hunitazama kwa huruma. Santuri yenyewe nimeivunja kwa goti.

Sishangai sana. Watu wa kwenu walinidharau tangu siku ya kwanza. Nilipokuja Moding kukuposa nikiwa na kanzu mpya, mama yako aliniona njiani, akatupa mtungi akakimbilia kwenye mahindi kama ameona chui. Ukaniambia ni heshima. Heshima gani ya kumkimbia mtu? Omoding anapikiwa nyama mpaka anatokwa jasho, mimi kila Idi natupiwa kuku hai, amefungwa miguu, juu ya basi la Callistus. Hakunipikia hata siku moja mpaka amekufa. Mungu amrehemu, lakini hakunipikia.

Nataka mambo mawili. Omoding asikanyage tena baraza langu. Na wewe uniapie kwa barua kwamba wimbo ule si wako. Usipofanya hivyo tutaachana, na Safia atalelewa kwa dada yangu Jinja.

Mbarak


Malaba,
20 Julai 1966

Kwa Omoding, Amukura

Mke wangu nimemwandikia, amenyamaza. Sasa nakuuliza wewe, mwanaume kwa mwanaume. Yule uliyemwimba mtaje jina. Kama huna la kuficha, andika jina hapa chini ya barua hii uirudishe.

Mbarak


Amukura,
24 Julai 1966

Ndugu yangu Mbarak, tuliooa boma moja,

Nimepata barua yako, nikafurahi kwanza kwa sababu hujawahi kuniandikia. Kisha nikasoma tena, nikashangaa.

Unaniambia nimtaje? Hapana, ndugu. Huyo mimi siwezi. Nimeishi na Benedetta miaka kumi na jina hilo halijapita mdomoni mwangu, hata nikilewa, halitapita leo kwa sababu ya santuri. Benedetta akitaka kunikasirisha ananiambia taja basi, nami natoka nje. Na wewe mwenyewe unajua kwa nini, maana nawe yamekufika kama mimi. Sisi wawili tulisimama mahali pamoja mbele yake.

Wenye kusikia wamesikia. Nilitunga nikiwa nimeshika ule mlango, nilikuwa sijawahi kuugusa kabla.

Kama wimbo umekuumiza, hata mimi uliniuma. Ndiyo kazi yake. Njoo siku moja tukae.

Ni mimi,
Omoding


Malaba,
26 Julai 1966

Zulaika,

Barua hii nampa Callistus. Kama si wewe utakayeipokea, mwenye kuipokea akupe popote ulipo, maana Callistus ananiambia mlango wa buluu una kufuli tangu juma lililopita na mtoto hayupo. Umekwenda wapi? Umemfuata?

Nimeweka ndani barua ya Omoding uisome kwa macho yako. Nilimuomba jina. Anasema hatalitaja hata akilewa! Anasema aliushika mlango! Anasema mimi na yeye tulisimama mahali pamoja mbele yako, kana kwamba tunagawana sahani. Na mwisho ananiita tukae, kwa upole kabisa, kama mtu aliyekwisha kushinda. Nimekutana na wezi wengi katika kazi hii ya barabara. Mwizi mwenye adabu namna hii sijaona.

Silali, Mama Safia. Nikifumba macho namwona na lile gitaa, ameegemea nguzo ya baraza, wewe unamletea maji kwenye kikombe changu cha bati. Unacheka lile cheko lako la kufunika mdomo. Nilikuwa naupenda mkono ule mdomoni. Sasa nauchukia, na kuuchukia kunaniumiza zaidi.

Ijumaa ya tarehe tano Agosti nitaswali, kisha nitakwenda kwa shehe aniandikie talaka mbele ya mashahidi. Una siku hizo za kusema.

Mbarak


Moding,
31 Julai 1966

Baba Safia,

Callistus alikuja kwa baiskeli mwenyewe kuniletea barua yako, baada ya kuuliza Busia nzima. Sikumfuata mtu. Niko kwetu, kwa marehemu mama, natumia jina nililozaliwa nalo. Hapa hakuna anayeniita Zulaika, wote ni Akiror, Akiror. Ndugu yangu Emukule alituma mtu niwasaidie kuvuna.

Barua yako ya kwanza nilicheka kwa sababu nilidhani unatania. Ya pili sikucheka. Niliiweka chini ya unga na sikuijibu, kwa sababu nilijiuliza, nimekaa na mtu huyu miaka mitano, kumbe hajanijua? Hajui nilikotoka? Nilikasirika mpaka nikatupa kalamu. Sasa hasira imebaki lakini kalamu nimeiokota, ndiyo maana naandika.

Umeniuliza wimbo ni wa nani. Ni wa mama yangu. Ni wa mama mkwe wa Omoding. Ni wa mama mkwe wako, Mbarak.

Ile rangi yako ya Kampala ilibaki nusu kopo. Uliniuliza imeenda wapi, nikakuambia imemwagika. Nilimletea mama. Aliupaka mlango wake mwenyewe, akasema mkwe wangu wa Busia amenipa mlango, na kila mgeni alionyeshwa. Nakuandikia nikiwa nimeuegemea. Sikukuambia kwa sababu wakati ule ulikuwa ukisikia jina la Moding unanuna.

Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani. Wakikutana njiani mmoja anaacha njia. Hawaketi pamoja, hawapeani mkono, na jina lake mkwe halitaji mpaka anakufa. Hiyo ndiyo heshima kubwa kuliko zote tulizo nazo. Omoding ameishika miaka kumi. Alipokufa mama ndipo aliruhusiwa kufika mlangoni kwake, na ndipo alipoweka mkono kwenye zile mbao. "Wa kunizuia hayupo." Aliyekuwa anamzuia ni yeye mama, kwa kuwa hai. Kila Mteso aliyesikia ubeti ule alielewa. Na wewe walikuwa wanakupa pole, baba, wewe mfiwa! Yule mzee alikuvulia kofia, wewe ukaona pembe chini yake.

Siku ile ya kanzu mpya mama alitupa mtungi akaingia mahindini. Mtungi wenyewe ulivunjika na ulikuwa mmoja tu. Nilikuambia ni heshima, nawe ulikataa kusikia kwa miaka yote hiyo, ukaona ni kudharauliwa. Jioni ile mama alisema, "Huyu ana miguu mizuri, nimeiona akipita." Nilitaka kukuambia jambo hilo mara nyingi.

Na kuku. Ee Mbarak, wale kuku! Mama alimuuliza padri, akamuuliza na muuza nguo mmoja Mwislamu sokoni, je, mkwe wangu anaweza kula kuku niliyemchinja mimi? Wakamwambia hawezi. Basi akasema nitampelekea akiwa hai, achinje kwa mkono wake, ale bila wasiwasi. Kila Idi alichagua jogoo aliye bora, na Omoding akabaki na wale wembamba, analalamika mpaka leo. Hakukunyima chakula. Alikuwa anakupikia kwa njia pekee aliyoambiwa inafaa.

Sasa nikuambie kilichoniliza kila alasiri. Mama alizikwa Aprili. Wewe ulikuwa Malaba. Kutoka hapo mpaka hapa ni mwendo wa baiskeli, lakini ulituma sukari. Omoding alichimba kaburi. Nilisimama pale na dada yangu ana mume wake, mimi nina gunia la sukari. Nilikuonea uchungu, na nilimwonea wivu Benedetta, wivu mbaya, mpaka nikaona haya. Kwa hiyo usifikiri ni wewe peke yako unayejua ugonjwa huo.

Ile sehemu ya Kiteso ya mwisho sitakutafsiria. Kuna mzee Ikapel, ndiye aliyevua kofia. Mwendee, umuulize kwa mdomo wako. Usione aibu kuuliza. Aibu ilikuwa ya kutouliza.

Ukishasikia, kama bado unataka kwenda kwa shehe, nenda. Talaka ilete hapa. Nitaipokea kwenye mlango huu huu, na Safia hatatoka mikononi mwangu kwenda Jinja wala kwingineko.

Akiror, uliyemwita Zulaika


Malaba,
6 Agosti 1966

Mama Safia,

Jana niliswali Ijumaa. Shehe aliniona nimekaa nyuma akauliza, "Mbarak, ulisema una jambo?" Nikamwambia jambo limenipita.

Nilitoka msikitini nikaenda moja kwa moja kwa Emojong. Mzee Ikapel alikuwa kwenye benchi lake. Nikasema, mzee wangu, nina mkwe aliyekufa Moding, na kuna maneno yaliyoimbwa juu yake sikuyaelewa. Hakunicheka. Alisogea, akanipa nafasi, akamwambia Emojong arudishe santuri mwanzo. Wakati huu nilisikiliza mpaka mwisho. Ikapel alinitafsiria polepole karibu na sikio:

Tulikula kwako wanaume wawili.
Mimi ulinipikia.
Yule wa msikitini ulimpelekea jogoo akiwa hai,
achinje mwenyewe, ale kwa raha.
Yeye hajui kulia kwa Kiteso.
Ninalia changu, ninalia na chake.

Nilitoka nje nikajifanya naangalia tairi za lori. Emojong alinifuata na chai.

Zulaika, Akiror, utanichagulia mwenyewe nikuite lipi. Mwezi mzima huu nimemchukia mtu aliyekuwa ananililia deni langu la machozi. Nilisikia kila neno la wimbo ule, na kila neno nililifanya liwe juu yangu na juu yako. Kumbe nilikuwa ndani kweli, ila katika mahali nilipokataa kusikiliza.

Lakini nisikudanganye, wivu haujaniisha. Omoding bado namwonea wivu. Yeye alikula kuku wake akijua nani amempa. Mimi nilikula wangu nikinung'unika, na walikuwa watamu, wallahi, wale majogoo walikuwa watamu.

Jumamosi ijayo lori linalala. Nitakuja Moding. Nimenunua jogoo hapa sokoni, mwekundu, mkali, amemdonoa Callistus. Nitamleta akiwa hai, nitamchinja mwenyewe, wewe upike, na firigisi apewe Omoding kama atakuwepo. Kaburini naomba unipeleke wewe. Na kwa kuwa sikumfanyia heshima yake alipokuwa hai hata mara moja, nikikaribia boma nitaacha njia, nitapita kwenye mahindi. Mwambie Safia asiogope akiniona natokea huko.

Mbarak


Moding,
9 Agosti 1966

Baba Safia,

Jogoo mlete. Benedetta na Omoding wamekwisha kuambiwa, watakuja, naye anasema firigisi hatakataa.

Lakini mahindi tumevuna yote jana, limebaki shamba tupu. Hakuna pa kupitia. Itabidi uje kwa njia, mchana, boma zima likikutazama.

Mlango nitauacha wazi.

Akiror